Rudraprayag Si Chui Tu

Jumapili nilimpeleka binamu yangu kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro hapa Nyeri. Wageni wengi huja kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisha hupitia kwa Jim Corbett, yule mwindaji. Kijana aliyekuwa akiwaongoza alisema, "Huyu ndiye aliyemuua chui wa Rudraprayag." Wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nikabaki na uchungu ambao haujaniisha hadi leo.

Chui! Rudraprayag, mji wa mahujaji wa Kihindu kule India, pale mto Mandakini unapoingia mto Alaknanda, tumeubakishia chui tu.

Sawa, alikuwa janga. Kati ya 1918 na 1926 aliua watu 125, na watu wakawa wanafunga milango kabla giza halijaingia. Corbett alikesha usiku baada ya usiku juu ya mwembe pale Golabrai hadi akampata, Mei 1926. Ushujaa wake siupingi.

Lakini ni nani kati yetu anayesimulia Juni 2013? Mvua ilinyesha bila kukoma. Asubuhi ya tarehe 17, ziwa la Chorabari lililo juu ya Kedarnath, mji wa hekalu wanakoelekea mahujaji, likapasuka, na Mandakini ikateremka na matope na mawe. Jiwe moja kubwa lilikwama nyuma ya hekalu la Kedarnath, maji yakagawanyika, hekalu likasalimika. Waliokuwa njiani hawakuwa na jiwe la kuwakinga. Katika jimbo zima la Uttarakhand, zaidi ya watu 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Mto ule ule ndio unaopita Rudraprayag.

Chui alipatiwa mwindaji. Mto utapigwa risasi na nani? Hoteli zilijengwa hadi kwenye mapito ya maji. Tangu 2016 barabara za mahujaji zinapanuliwa, na miteremko inakatwa katika milima ambayo bado michanga, inayoporomoka hata bila kuguswa. Barabara inahitajika, najua, mgonjwa lazima afike hospitali. Ila mlima ukikatwa vibaya, anayefukiwa ni mwenye nyumba ya chini.

Na maji yale ni matakatifu kwa watu. Wanashuka ngazi hadi ukingoni, wanayachota kwa viganja. Yakifika Devprayag yatakutana na Bhagirathi, yaitwe Ganga.

Nilimrudia yule kijana, nikamwomba awaambie wageni habari za mito pia.

"Mito gani, mama?"

Nikaokota kijiti, nikamchorea mavumbini: Mandakini huku, Alaknanda kule.