Ndege wa uani Tabora: maji ya Oktoba, nafaka ya Novemba

Mtama unaomwagwa uani Tabora mwezi wa Julai huliwa, lakini hauokoi ndege yeyote. Wakati huo nyasi zimeshakauka na kudondosha mbegu, na mashamba yaliyovunwa yana masazo tele. Shomoro, chiriku na tetere wanakula na kusaza. Mazoea ya kulisha ndege miezi ya baridi ni ya Ulaya, na huko yana sababu: mwishoni mwa Desemba mchana wa London haufikishi masaa 8, na ndege mwenye gramu 10 asipopata mafuta ya kutosha kabla ya giza, baridi ya usiku humuua. Ukiifuata kalenda hiyo Tabora, unawalisha walioshiba.

Hapo ndipo wanaopinga kulisha ndege wanapopata nguvu. Husema ndege wa porini wajitafutie, kwamba nafaka itaita kwelea kwelea, maji yatazaa mbu, na shomoro watawaletea kuku ugonjwa wa mdondo. Hoja ya kuku ni nzito kweli. Ya kwelea haina uzito: hao hutembea kwa makundi makubwa mno wakifuata mbegu za nyasi na mashamba ya mtama na mpunga, na konzi moja ya uwele chini ya mwembe haiwageuzi njia.

Kinachosahaulika katika ubishi wote huu ni kiu. Chozi ana maji ya kwenye maua. Ndege walao wadudu hupata maji humo humo kwenye wadudu, tena miti ya miombo huchipua kabla ya mvua kunyesha, na viwavi hufuata majani mabichi. Lakini hua, tetere na chiriku wanakula mbegu kavu, na mbegu kavu inataka maji karibu kila siku. Vidimbwi vikikauka Septemba na Oktoba, wanabaki na chakula kisichoweza kuwaweka hai.

Sahani pana ya udongo, ile ya kuwekea chungu cha maua, inatosha. Maji yawe na kina cha sentimita 3 hadi 5, na jiwe katikati lichomoze juu ili mdogo apate pa kusimama. Usipunguze zaidi ya hapo, maana hua hunywa kwa kufyonza, mdomo ukiwa umezama. Iwekwe kivulini, angalau mita 2 kutoka kichaka anachoweza kujificha paka. Kila asubuhi mwaga maji, sugua kuta, jaza upya. Yai la mbu huhitaji takriban wiki nzima au zaidi kufikia kuruka, kwa hiyo maji ya siku moja hayazai mbu. Kusugua usikuache hata hivyo: mbu wa dengue hugandisha mayai ukutani mwa chombo, na mayai hayo hustahimili ukavu. Tabora ni nchi ya asali, basi tegemea pia nyuki. Wape chombo chao chenye vijiti vinavyoelea, mbali na mlango na wanapochezea watoto, na ukiweke mapema, kwani wakishazoea mahali ni vigumu kuwahamisha.

Nafaka nayo ina wakati wake, na wakati huo hushangaza wengi: baada ya mvua za kwanza, Novemba. Ardhi inaonekana kijani na kila mtu anadhani njaa imeisha. Kumbe mbegu zote zilizokuwa chini zimeota kwa pamoja, na nyasi mpya zitachukua wiki kadhaa kabla ya kuzaa. Kwelea wenyewe huhama kwa sababu hiyo hiyo. Shomoro wa uani hahami. Konzi moja ya uwele, mtama au chenga za mchele asubuhi yatosha, na iwe imeisha kabla ya saa 6 mchana. Ikibaki, kesho weka nusu. Inayolowa hushika ukungu. Kosa baya kuliko yote ni kuwapa ndege karanga au mahindi ambayo watu wameyakataa kwa ukungu: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huharibu ini la ndege pia. Vifukiwe.

Sasa kuku. Mwaka 1994, karibu na Washington, mji mkuu wa Marekani, bakteria inayojulikana kwa kuwaletea kuku ugonjwa ilionekana kwa ndege wa porini waliovimba macho, kisha ikasambaa sana kupitia vyombo vya kulishia. Hatari, basi, inakwenda pande zote mbili. Ning'iniza kilishio juu ya kichwa cha mtu, na chini yake sinia la kudakia punje. Kuku wanywe bandani, na chanjo ya mdondo irudiwe kila miezi 3. Kila wiki loweka vyombo dakika 10 katika maji ya jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, suuza, anika juani mpaka vikauke kabisa. Akionekana ndege aliyejikunyata, manyoya yamefura na hakimbii mtu, ondoa kila kitu kwa wiki 2 au zaidi.

Kama kuku wako hawana banda na hushinda uani, wanaopinga wako sahihi kuhusu nafaka: iache. Maji bado unaweza kuyaweka, juu ya nguzo ambayo kuku hafiki.