Judit hakukosea kufungua milango

Ukimsimulia mtu "Ngome ya Ndevu za Buluu", opera fupi ya mtunzi wa Hungaria Béla Bartók, ambamo Judit anafungua mmoja mmoja milango saba ya ngome ya mumewe, Ndevu za Buluu, hakosi kuuliza: kwani huyo Judit asingeridhika na milango mitano? Mumewe alimsihi aiache miwili iliyobaki. Kachokonoa, yakamkuta.

Lawama hiyo naona ni ya hadithi nyingine, ile ya Charles Perrault wa Ufaransa, iliyochapishwa mwaka 1697. Humo mume ni muuaji. Mke anakatazwa chumba kimoja, anakifungua, anakuta maiti za wenzake, kisha kaka zake wanawahi kumwokoa. Perrault akamalizia kwa kuwaonya wanawake wadadisi, kana kwamba aliyechinja watu ni ufunguo.

Béla Balázs, aliyemwandikia Bartók maneno ya Kihungaria, aliifumua ngano hiyo. Judit wake anaingia ngomeni akijua fununu zote, amewaacha wazazi na mchumba. Hamna dirisha, kuta zinavuja maji, naye anataka mwanga uingie. Waimbaji ni wawili tu, muda kama saa moja. Na funguo anazitoa mume mwenyewe! Baada ya chumba cha mateso na ghala la silaha anampa tatu kwa mkupuo, na Judit anaposita mbele ya mlango wa tatu, ni mume anayeuliza kwa nini amesimama.

Halafu mlango wa tano. Okestra nzima inalipuka pamoja na ogani kubwa, na nchi yote ya bwana inaonekana, milima na mito. Judit anajibu kwa sauti isiyo na msisimko, bila ala hata moja kumsindikiza, kwamba nchi yake ni nzuri na kubwa. Basi. Mume anaonyesha mali. Mke alimfuata mtu. Mimi nipo upande wa mke.

Bartók aliitunga mwaka 1911, akiwa na miaka 30, na akamtunukia mkewe kijana, Márta. (Zawadi hiyo, sijui aliipokeaje.) Mashindanoni ilikataliwa, ikasubiri jukwaa hadi tarehe 24 Mei 1918, Budapest.

Kosa la Judit lipo, ila haliko kwenye funguo. Mlango wa sita unaonyesha ziwa la machozi, naye anakata shauri kwamba fununu ni kweli, wake wa kwanza wameuawa. Wa saba unafunguka, wanatoka watatu, wazima, wamejaa vito: wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Yeye anavishwa taji zito awe wa usiku. Ndiyo maana waongozaji wanaojaza maiti jukwaani huniudhi. Wanampa Judit ushahidi ambao Balázs alimnyima makusudi, na mume aliyeshindwa kuishi na mtu anayemjua wanamgeuza jambazi wa kawaida.