Cassius na zile barua za dirishani

Wengi walioisoma tamthilia ya Julius Caesar, iwe kwa Kiingereza cha Shakespeare au kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, hubaki na hukumu moja: Brutus alikuwa mwungwana aliyeponzwa na rafiki mfitini, Cassius, aliyemwingiza katika njama ya kumuua Caesar, mtawala wa Roma.

Ushahidi upo. Cassius alimvisha Brutus kilemba cha ukoka, akaghushi barua kwa miandiko mbalimbali na kuzitupisha dirishani mwake zidhaniwe kilio cha raia wa Roma. Akiwa peke yake jukwaani, anakiri kwamba lau yeye ndiye angekuwa Brutus, asingekubali kuchezewa hivyo. Wivu nao haufichiki: kisa chake cha kumwokoa Caesar asizame mtoni Tiber, Caesar yule yule ambaye sasa hana budi kumwinamia, kinatosha.

Kwa hilo la barua sina utetezi. Lakini tazama barua yenyewe. Usiku ule bustanini, kabla mtumishi wake Lucius hajaileta, Brutus amekwisha kuamua kwamba Caesar lazima afe. Na kwa hoja gani? Anakiri kuwa hajamwona akitawaliwa na jazba. Anachohofia ni vile atakavyobadilika akivikwa taji, basi heri yai la nyoka livunjwe kabla halijaanguliwa. Ndipo inakuja barua, nayo ina mapengo: inataja Roma, inakatika, haisemi Roma ifanyiwe nini. Anayeimalizia sentensi ni Brutus mwenyewe, kwa sauti, akiongeza habari ya Roma kuishi chini ya hofu ya mtu mmoja. Ni kweli kwamba aliwahi kuokota nyingine kabla ya hiyo, na kwamba hajalala tangu Cassius alipomchochea. Hata hivyo, maneno yaliyomtosheleza aliyatia yeye.

Baada ya hapo, nani alimwendesha nani? Cassius alitaka wenzao wa njama wale kiapo, Brutus akakataa. Alitaka Cicero, msemaji maarufu wa Roma, aingizwe, akakataa. Alitaka Antony, rafiki wa Caesar, auawe pamoja naye, akakataa. Alimvuta kando kumwonya asimruhusu Antony kuhutubia mazishini. Brutus akamruhusu, na jiji likawaka moto. Tena hemani kule Sardis, kambini mwao wakati wa vita vilivyofuata, Brutus anamshutumu Cassius kwa rushwa na papo hapo analalamika kuwa alinyimwa dhahabu ya kuwalipa askari, kwa kuwa yeye hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu! Cassius anamkabidhi jambia na kumfunulia kifua.

Wapo watakaojibu kwamba Cassius alinyenyekea kwa sababu alihitaji jina la Brutus lisafishe njama. Casca, mmoja wa wenzao wa njama, anasema karibu hivyo hivyo. Jibu hilo lina nguvu hadi siku ya mauaji. Kufikia Philippi, walikopigana na jeshi la Antony, jina hilo lilikuwa halinunui kitu tena, kwa sababu Antony alikwisha kuwageuza raia. Cassius alitaka wasubiri adui achoke kwa safari. Brutus akataka waende kumkabili, wakaenda. Asubuhi ya vita, siku ya kuzaliwa kwake, Cassius anamwomba Messala, mmoja wa maofisa wao, awe shahidi kwamba amelazimishwa kuweka kila kitu rehani kwa pigano moja. Vita inapoharibika, anayesema Brutus alitoa amri mapema mno ni Titinius, ofisa wa Cassius. Hapo Cassius hamtupii Brutus lawama hata moja.