Halmashauri za wilaya zilipunguziwa ushuru, lawama zikabaki

Kila msimu wa mavuno lawama ni zile zile: halmashauri ya wilaya haina ubunifu, inajua tu kuweka vizuizi barabarani na kumkamua mkulima. Lawama hizo hazikutoka hewani. Ushuru wa mazao ulifika asilimia 5 ya bei, mtu akitozwa hata pale alipouza kwa hasara. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipoushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kumwondolea ushuru anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, mkulima alipata nafuu ya kweli.

Ila tupige hesabu upande wa pili. Kwa mahindi ya shilingi 100,000, halmashauri iliyokuwa ikipata 5,000 ikashushwa hadi 2,000. Asilimia 60 ya chanzo hicho iliondoka kwa siku moja. Manispaa ingetikisika kidogo tu, kwa sababu ina ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni, ina hoteli, stendi na masoko makubwa. Wilaya ya wakulima wa mahindi ina mahindi. Kodi ya maendeleo ilishafutwa 2003. Na katika hicho kidogo kilichobaki, sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni jambo jema, lakini asilimia 10 ya mfuko mwembamba haifiki mbali.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba kila wilaya ikitegemea mapato yake, Tandahimba na Newala zitaishi kwa korosho huku wilaya za ukame zikiachwa nyuma. Kwa hiyo ruzuku ya Hazina ndiyo inayosawazisha. Tena ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimetaja mara kwa mara makusanyo ya POS, mashine za kukusanyia ushuru, yasiyofika benki. Wizi huo hauna utetezi.

Hata hivyo ruzuku huja na maelekezo yake, na ukomo wa bajeti hupangwa juu. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Diwani ndiye anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza kwa nini zahanati imekwama kwenye lenta. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Madaraka gani hayo bila fedha ya kuamulia? Mamlaka hizi zilipofutwa 1972, za mijini zilirudi 1978, za vijijini zikasubiri hadi 1984. Foleni ile ya nyuma bado ipo.

Ushuru usirudishwe kwenye asilimia 5. Fidia ya pengo lake iandikwe kwenye sheria, kwa kanuni inayotazama idadi ya watu, umaskini na umbali wa vijiji, na itolewe robo mwaka hadi robo mwaka bila diwani kwenda Dodoma kuiomba.