Pichu ya mzee na pichu ya kijana

Naona habari imeshafika mpaka kwa mtu wa Mwanza ambaye sijaonana naye tangu tumalize kidato cha nne, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe. Hilo toleo linalozunguka, kwamba nimemtumia mama mkwe picha ya chupi, ni uongo mtupu. Haikuwa picha. Ilikuwa voisi. Dakika mbili na sekunde arobaini. Na aliyeusambaza uongo huo anajijua, na hela yangu ya tochi hajarudisha.

Mnaonifuata siku zote mnajua habari ya Peru, safari yetu ya kwenda kuona Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka milimani, na mlima wa jirani yake, Huayna Picchu; sina haja ya kuanza na Adamu na Hawa. Wanne sisi, miaka mitatu tunadunduliza, na mimi ndiye mtaalamu wa kundi. Ni mimi niliyewazuia wenzangu wasilale Cusco usiku wa kwanza. Mji wa Cusco uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, Machu Picchu yenyewe 2,430 tu. Unatoka Lima, pwani kabisa, unashushwa huko juu na ndege, halafu unashangaa kichwa kinagonga kama kinu. Nikasema tukitua tuteremke moja kwa moja Ollantaytambo, tulale, treni tutaipandia hukohuko. Wakaniita profesa. Nikavimba.

Sasa Jumapili. Tanga, nyumbani kwa wakwe, kikao cha harusi ya shemeji yangu. Mimi ahadi yangu nimeshaitoa: elfu hamsini. Nimeitoa kwa sura ya mfiwa, "mambo yamebana, wazee wangu," mpaka shangazi mmoja akanionea huruma akaniongezea nyama. Mke wangu alinikanya tangu tukiwa ndani ya basi: neno Peru lisikutoke mdomoni mpaka harusi ipite.

Halikunitoka. Nilitoka mimi, nikaenda barazani, nikalirekodi.

Kosa ni hili: kundi letu la Peru linaitwa "Kamati ya Safari". La harusi linaitwa "Kamati ya Shughuli". Yote mawili nimeyabandika juu kabisa, yamepangana kama mashuka kabatini. (Msiniambie mngeona tofauti. Jua kali, miwani nimeiacha ndani.)

Nikaachia kidole. Ikaenda. Tiki mbili. Ndani ya nyumba simu ikalia. Ikalia nyingine. Ikalia ya tatu. Nikawaza, ajabu, watu hawa wote wametumiwa meseji kwa wakati mmoja.

Mama mkwe masikio yamepungua kidogo, kwa hiyo voisi anazisikiliza kwa sauti ya mwisho, simu ameilaza kiganjani kama kipande cha boflo. Nikasikia mtu anakohoa kabla ya kuongea. Kikohozi nikakitambua. Changu.

"Wazee, suala la pichu tusilifanyie mzaha."

Kupitia nondo za dirisha niliona mwiko wa pilau umesimama hewani.

"Pichu ziko mbili. Machu maana yake mzee. Huayna maana yake kijana. Ile ya mzee tutaiona wote, nimeshalipia. Lakini mimi, roho yangu, iko kwenye ya kijana."

Simu ya mjomba ilikuwa nyuma kwa sekunde tatu hivi, basi kila neno likawa linarudi mara ya pili kutoka kona ya pili: "...iko kwenye ya kijana."

Baba mkwe akavua kofia. Akaitazama ndani. Akaivaa tena.

"Ni nyembamba, ina mwinuko mkali, kuna mahali unashika kamba unajivuta. Na hawaingizi kila mtu: wana idadi yao kwa siku, unapewa saa yako, unaonyesha pasipoti. Asubuhi ukikuta ukungu umeifunika usikate tamaa. Kaa utulie. Utaondoka, uione pichu yote."

"...uione pichu yote," mjomba akathibitisha.

Nikakimbilia kufuta. Vidole vinatetemeka, nikabonyeza "futa kwangu". Mliowahi kufanya hivyo mnanielewa. Ikapotea kwenye simu yangu tu. Tanga nzima, asiyekuwa na ile voisi nikawa mimi peke yangu.

Na hapo wadau, mngedhani pichu ndiyo mbaya. Hapana. Pichu walianza kuicheka, shemeji yangu alikuwa ameuma pindo la kanga machozi yanamtoka. Ningepona. Ila voisi ilikuwa bado na mkia:

"Hesabu ni milioni tisa kwa kichwa, mimi yangu iko tayari. Hawa huku nimewapa elfu hamsini, nimelia kidogo, wameniamini."

Kicheko kikakatika kama umeme.

"...wameniamini," ikamalizia simu ya mjomba.

Mengine nayapita haraka. Niliingia, nikaomba radhi, nikaonyesha picha za mji wa Wainka wa karne ya 15. Aliyeniamini ni baba mkwe tu, fundi mwashi mstaafu. Aliivuta picha ya ukuta mpaka jiwe likajaa skrini, akauliza kati ya mawe pana udongo au saruji. Nikamwambia hapana kitu, yamechongwa yakakaliana, na kwamba pale Cusco Wahispania walijenga kanisa la Santo Domingo juu ya kuta za namna hiyo. Tetemeko la 1950 likalivunja kanisa, kuta za chini zikabaki. Akasema, "Hao walikuwa mafundi." Mama mkwe yeye alisema, "Mkwe wangu, hiyo ya kijana ya kushika kamba, kapande na mkeo."

Ahadi yangu sasa ni laki tano. Sikuulizwa. Katibu ameiandika palepale, na jina kwenye daftari ni Mkwe wa Pichu.

Kinachoniuma zaidi nimekijua jana. Wenyewe wanaozungumza Kikechua, lugha ya Wainka, wanaitamka Pikchu, k inasikika kabisa, maana yake kilele. K moja. Miaka mitatu profesa mzima nasoma ratiba za treni, k sijaiona.

Usiku nimefanya mazoezi kitandani. Pik-chu. Pik-chu. Mke wangu akageukia ukutani: "Zima taa."