Mkasi hauna chama

Julai 1932, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa bunge la Ujerumani, gazeti la picha la wafanyakazi, AIZ, lilichapa picha ya Adolf Hitler akihutubia huku kifua chake kikionekana kama kimepigwa eksirei. Uti wa mgongo ni sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, tumbo limejaa sarafu, na mahali pa moyo pana swastika, nembo ya Wanazi, chama cha Hitler. Maneno yaliyoandamana nayo ni machache: anameza dhahabu, anatema bati. Kwa Wajerumani, kusema bati ni kuropoka upuuzi. Aliyeiunda, kwa kukata picha na kuzibandika upya, ni John Heartfield, mzaliwa wa Berlin aliyeitwa Helmut Herzfeld mpaka alipojipa jina la Kiingereza katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, makusudi, kupinga chuki dhidi ya Waingereza iliyokuwa imetanda nchini mwake.

Tarehe 31 Julai chama cha Hitler kilipata zaidi ya asilimia 37 ya kura na kuwa kikubwa kuliko vyote bungeni.

Hapo ndipo wanaoibeza fotomontaji, sanaa hii ya kukata picha na kuzibandika upya, wanapoanzia hoja yao. AIZ iliwahi kuchapa nakala karibu 500,000, lakini wasomaji wake wengi walikuwa wafanyakazi wa mrengo wa kushoto ambao hawakuhitaji kuambiwa Hitler ni nani. Waliohitaji kuambiwa hawakulinunua.

Hoja hiyo ina uzito, ila inapima sanaa kwa kipimo cha kura. Aprili 1933 watu wa SS, kikosi cha Wanazi, walivamia makazi ya Heartfield. Aliruka kutoka kwenye roshani, akajificha ndani ya pipa la taka, kisha akavuka milima kwa miguu hadi Chekoslovakia. Mwaka uliofuata picha zake zilipoonyeshwa Prague, Ujerumani ililalamika kibalozi mpaka baadhi zikaondolewa ukutani. (Kweli, madikteta huogopa hata utani wa kijiweni, kwa hiyo woga wao peke yake si cheti cha ubora.)

Nguvu yenyewe naiona katika picha ya Desemba 1935. Hermann Göring, waziri wa Hitler, alikuwa amesema hotubani Hamburg kwamba chuma ndicho kilicholipa taifa nguvu, siagi na mafuta vimewanenepesha watu tu. Heartfield hakubishana naye. Aliiketisha familia mezani, karatasi ya ukutani imejaa swastika, wote wanatafuna chuma: vipande vya baiskeli, mtoto mchanga anang'ata shoka, mbwa sakafuni analamba nati kubwa. Juu ya maneno ya Göring pana kichwa cha shangwe: siagi imekwisha! Waziri amechukuliwa kwa neno lake, basi.

Martha Rosler, msanii wa Marekani, alifanya jambo la aina hiyo wakati wa vita vya Vietnam. Katika picha yake moja mwanamke anasafisha mapazia ya nyumba nzuri, na nje ya dirisha wapo askari na mahandaki. Kazi hizo alizitoa nakala na kuzigawa kwenye maandamano.

Shutuma ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi: mkasi humkatia yeyote aushikaye. Mwaka 1932 huohuo, mafashisti wa Italia walipoadhimisha miaka kumi ya kutwaa madaraka, maonyesho yao Roma yalipambwa kwa fotomontaji kubwa za kusisimua. Gustav Klutsis, msanii wa Kisovieti na fundi hodari pengine kuliko wote, aliuweka mkasi wake chini ya Stalin. Na Heartfield mwenyewe, mkomunisti tangu mwisho wa 1918, alikata palipotakwa na chama. Mwaka 1931 aliwachora Wasoshalisti wa kidemokrasia, chama kingine cha mrengo wa kushoto, kama chui milia aliyevaa suti na tai yenye pini ya swastika, wakati Wanazi wenyewe wako mlangoni. Wanaomtukuza huipita picha hiyo haraka. Mimi siwezi.

Watetezi hujibu kwamba fotomontaji haifichi mshono. Wadhibiti wa Stalin walimfuta Yezhov, mkuu wa polisi wa siri aliyeanguka, kwenye picha aliyopigwa na Stalin pembeni mwa mfereji, pakabaki maji tu, ili mtazamaji asijue kuna mkono uliopita. Sarafu tumboni mwa Hitler hazimdanganyi mtu kuwa ni eksirei halisi. Hapo nakubaliana nao. Ila kompyuta imeufanya mshono uwe mwembamba mno. Kazi ya wasanii wa Uingereza Peter Kennard na Cat Phillipps ya mwaka 2005 inamwonyesha Tony Blair, waziri mkuu aliyeiingiza nchi yao katika vita vya Iraq, akijipiga picha kwa simu, meno nje, nyuma yake moto na moshi mzito wa mafuta. Hasira yake naikubali, lakini anayeitazama mbiombio anaweza kuamini alisimama pale kweli, na hapo msanii amekaribia kiwanja cha wale wadhibiti.

Februari 1938 Klutsis alipigwa risasi na dola aliyoitukuza. Desemba mwaka huo Heartfield alikimbilia Uingereza. Aliporudi Ujerumani Mashariki mwaka 1950, makomredi walimtilia shaka kwa sababu ya miaka yake London, na akademia ya sanaa ilimpokea mwaka 1956 tu.