Abrashi: rangi inapobadilika katikati ya zulia

Litandike zulia la Wakashkai, wafugaji wa kuhamahama wa Farsi kusini mwa Iran, kisha ufuate wekundu wake kutoka chini kwenda juu. Huanza na damu ya mzee, katikati hupauka, mbele kidogo hukoza tena. Mikanda hiyo hupita kwa mapana kwa kuwa zulia hufumwa safu baada ya safu. Huitwa abrashi, neno la Kiarabu la kitu chenye madoadoa, na wapenzi wa mazulia hawajaacha kubishana kama ni kasoro au ni uzuri.

Fundi wa Kashan au Isfahan atakwambia ni kasoro, na kwa kazi yake namuunga mkono. Kule mfumaji hufuata mchoro wa karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja. Ua likikatwa na mkanda ambao mchoraji hakuupanga, mtia rangi ameharibu kazi ya watu wengi.

Kwa mhamaji kipimo hicho hakifai. Sufu imesokotwa kwa mkono, hapa nene, pale nyembamba, na mafuta ya kondoo hayakutoka sawasawa. Chungu cha kutilia rangi ni kidogo. Mizizi ya runasi, mmea unaotoa wekundu, hutofautiana nguvu, na maji yenye chokaa huugeuza wekundu huo. Sufu ikiisha kazi ikiwa nusu, mfumaji huchovya nyingine, na rangi hairudi ileile. Mimi napenda kuuona mkanda huo: unaonyesha kazi ilisimama wapi na ikaendelea wapi.

Lakini ipo hoja inayonisumbua. Mfanyabiashara wa mjini huusifia mkanda huo na kupandisha bei, ilhali huenda mfumaji alikosa tu sufu ya kutosha. Upungufu wake umegeuzwa pambo la sebule ya mtu mwingine. Wapo wafumaji wanaoichagua abrashi kwa jicho lao, ila si haki kuwasemea wote kwamba walikusudia.

Tena si kila rangi iliyopauka ni abrashi. Baada ya William Henry Perkin kugundua rangi ya kwanza ya kiwandani mwaka 1856, rangi za namna hiyo zilifika Uajemi, na nyingi za mwanzo zilichujuka vibaya kwa jua. Panua manyoya ya zulia kwa vidole. Shina likiwa limekoza na ncha imefifia, hilo ni jua. Abrashi ya kweli huonekana hata mgongoni, penye mafundo.

Siku hizi viwanda navyo hutia mikanda ya kuiga, hata kwenye mazulia ya mashine. Huo nauita udanganyifu ukiuzwa kwa jina la kazi ya mkono. Kigumu zaidi kuamua ni mradi wa rangi za asili uitwao DOBAG, ulioanza mwaka 1981 magharibi mwa Uturuki, ambako mwanakemia Mjerumani Harald Böhmer aliwasaidia wanavijiji kurudia rangi za mimea. Walijua rangi zitacheza, na wanunuzi walizipenda kwa hilo. Kwangu si uigaji, maana tofauti imezaliwa na sufu na chungu. Kwa hiyo muuzaji akiongeza bei kwa ajili ya abrashi, mwulize kwanza sufu ilitiwa rangi wapi, na kwa nini.